Damu ya Mstaafu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Dada aliosha vikombe, akaanika nepi za mtoto kwenye kamba, kisha akafagia kizingiti. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwa kuwa ndiye kifungua mimba, nyumba nzima ilimwita Dada, hata wazazi wake. Kazi zote alizimudu isipokuwa hiyo ya kizingiti. Alikifagia harakaharaka, macho pembeni, kwa sababu hapo ndipo mdogo wake wa kiume alipozoea kukaa.

Majirani walimwita mdogo wake huyo Mstaafu. Alikuwa na miaka sita tu, lakini wenzake walipokimbiza mpira yeye alikaa akisugua magoti kama mzee anayesubiri pensheni. "Miguu yangu imeshamaliza kazi," alikuwa akisema, na watu wakicheka, naye alicheka kuliko wote. Hakuna aliyejua kwamba miguu ilimuuma kwelikweli. Wakati wa likizo alishikwa na homa, kifua kikambana, akakimbizwa hospitali. Hakurudi.

Siku ya maziko, bibi, mama yake baba, alisema mbele ya watu, "Kwetu hatujawahi kuona damu mbovu namna hii. Waulizwe wengine." Hakutaja mtu, ila macho yote yalimgeukia mama. Baba hakumtetea. Tangu siku hiyo alishinda kwenye kibanda chake cha ushonaji, akirudi nyumbani alikula peke yake chumba cha mbele, na mama alikula jikoni na watoto. Mezani palikuwa na viti, lakini hapakuwa na wa kukaa.

Jumamosi moja alikuja daktari mwanamke, amebeba mkoba mdogo begani. Aliwapa pole, akakaa, akaeleza taratibu.

"Mwanenu alipolazwa, mama alituruhusu tuchukue damu yake kidogo. Tunatafiti magonjwa ambayo watoto hurithi kutoka kwa wazazi. Majibu yametoka. Alikuwa na ugonjwa wa damu uitwao selimundu."

"Majibu ya nani?" baba aliuliza. "Mwenyewe tumeshamzika."

Daktari aliinamisha kichwa. "Tumechelewa, baba. Sina la kujitetea. Lakini yupo huyu mdogo wake. Naomba tumpime mapema, nanyi wazazi pia."

"Mmechukua damu ya mmoja, inatosha," baba alisema, akatoka kurudi kwenye cherehani yake. Mama alimsindikiza daktari hadi nje. Dada aliona jinsi alivyomkumbatia mtoto kifuani, kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Haikupita muda mrefu, mtoto akaanza kulia bila kunyamaza. Mama alimpa ziwa, akakataa. Dada alipomfungua blanketi akaona vidole vyake vimevimba, vinang'aa, na viganja vina moto. Alikumbuka Mstaafu alipokuwa mchanga hivyohivyo, mikono imevimba, bibi akimkanda kwa mafuta akisema ni baridi tu, itapita.

"Mama, twende hospitali."

"Baba yako amekataa, mwanangu. Nikienda kwa nguvu, kesho nitaambiwa mengine." Mama alisema hivyo huku akivaa viatu. Kisha akakaa tena kitandani, viatu mguuni, machozi yakimtiririka.

Dada alitoka mbio. Alimkuta baba akitia uzi kwenye sindano, na uzi ulikuwa unamkataa. Nyuma yake ilining'inia kaptula ndogo ya sare ya shule, haijapindwa chini. Hakuhitaji kuuliza ilikuwa ya nani.

"Shikamoo baba. Mtoto amevimba vidole. Kama alivyovimba Mstaafu."

Baba aliweka sindano chini.

"Unajua naogopa nini?" alisema. "Bibi yako alisema kwetu haipo. Nikipimwa, ikaonekana ipo, basi mama yako nimemtesa bure."

"Na usipopimwa, baba?"

Baba alivua tepu ya kupimia shingoni, akafunga kibanda, wakaongozana nyumbani. Alimchukua mtoto mikononi mwa mama, akasema kwa sauti ndogo, "Twendeni wote."

Hospitali mtoto alilazwa, akapewa dawa za maumivu na maji, akapata usingizi. Wote wanne walitolewa damu. Majibu yalipokuwa tayari, daktari yuleyule aliwaita ofisini kwake.

"Kila mtoto hupokea vinasaba viwili vya kutengeneza damu," alieleza. "Kimoja cha baba, kimoja cha mama. Ninyi wazazi kila mmoja anacho kimoja kizima na kimoja chenye kasoro. Kile kizima kinawatosha, ndiyo maana hamjaumwa. Lakini mtoto akipokea chenye kasoro kwa baba na chenye kasoro kwa mama, chembe nyekundu za damu yake hujipinda kama mundu. Zinakwama kwenye mishipa midogo, na hapo ndipo maumivu huanza. Ndivyo alivyokuwa kaka yake. Na huyu mdogo naye anao ugonjwa huo."

Mama alifumba macho.

"Kwa hiyo ni mimi," baba alisema.

"Ni ninyi wote wawili, na si kosa la yeyote. Hakuna aliyechagua."

Baba alimgeukia mama. Akalia mbele ya binti yake kwa mara ya kwanza. "Nisamehe, mama watoto. Nilikuacha uuguze moyo wako peke yako."

Mama hakumwambia amemsamehe. Alimpa kona ya khanga yake ajifute, akasema, "Mshike mtoto. Mimi nimechoka."

Dada naye aliambiwa anacho kinasaba kimoja chenye kasoro. Hangeumwa, ila siku akitaka kuolewa, yeye na mwenzake wapime kwanza. Alitikisa kichwa kukubali. Akauliza jambo lililomkaa rohoni. "Damu ya mdogo wangu mliitupa?"

"Hapana. Ipo maabara, kwenye jokofu. Watoto wengine wenye ugonjwa huu huumwa sana, wengine kidogo, na hatujui sababu zote. Tunalinganisha damu zao tujue. Yake ni mojawapo."

"Basi bado anafanya kazi," Dada alisema. Alijaribu kutabasamu, ikashindikana, akaficha uso kifuani mwa mama na kulia mpaka kwikwi zikamkamata.

Mtoto aliporuhusiwa, walirudi na dawa za kila siku na maagizo: anywe maji mengi, asipigwe na baridi, akipata homa tu aletwe bila kungoja. Bibi alikuja kumwona. Baba alimwambia yote, na hapohapo akamwambia kwamba kinasaba chake amekirithi kwa mmoja wa wazazi wake. Bibi aliiangalia mikono yake. Kisha akaenda jikoni, akaketi karibu na mama, akaanza kumsaidia kukunja nguo.

Jioni hiyo walikula mezani, na kiti kimoja kikabaki wazi. Mama alimwona Dada akikiangalia, akamwekea mkono begani.

"Tulitafuta wa kulaumiwa, tukasahau kuuliza ni ugonjwa gani," alisema. "Lawama haikumrudisha mdogo wako, na ilibakia kidogo itupokonye na huyu. Mtu akiumwa, mwanangu, mpeleke akapimwe. Ukweli wake utauma, lakini ndio unaotuonyesha dawa."

Baba alimimina dawa kwenye kijiko. Mtoto akaitema yote kwenye shati la baba yake. Baba alijifuta, akamimina nyingine, akajaribu tena.