Ujumbe Uliotoka kwenye Simu ya Mama

Kila akirudi shuleni, Wakili alikuwa na kazi tatu kabla ya kuruhusiwa kugusa simu ya mama yake: kubadilisha sare, kuokota pini zilizotapakaa chini ya cherehani, na kumaliza kazi za shule. Wakili halikuwa jina lake la kuzaliwa. Alipachikwa na mama yake, fundi cherehani, kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kukubali kushindwa. Ukimwambia kumekucha, atakuuliza nani kasema. Jina likamganda mpaka darasani, na mwenyewe alilipenda kupita kiasi.

Simu ilikuwa ya mama, lakini kila jioni, kwa nusu saa, iligeuka mali ya darasa la sita. Mwalimu wa sayansi alikuwa ameanzisha kikundi cha wanafunzi kwenye simu za wazazi ili wajadili masomo yao. Kwa hiyo kila ujumbe ulionekana umetoka kwa mzazi. Watoto walishazoea. Walijua kwamba akiandika fundi cherehani ni Wakili, na akiandika fundi baiskeli ni Njiti, rafiki yake mwembamba wa dawati moja. Wazazi ndio hawakuwa wamezoea.

Wiki hiyo walipewa kazi ya kutengeneza chujio la maji kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. Mwalimu aliwaonya kuwa maji ya chujio hilo hayanywewi bila kuchemshwa, kisha akawaachia swali: kati ya changarawe, mchanga na mkaa, kipi kiwe juu? Wakili aliandika kuwa changarawe iwe juu ili izuie takataka kubwa. Njiti akajibu kuwa mkaa ndio unaoondoa harufu, basi maji yakutane nao kwanza. Walijibizana vizuri tu, kila mmoja na sababu zake.

Kisha Njiti akaandika, "Wakili, leo umekosea. Kubali tu." Wenzao wakashusha vikatuni vya kucheka. Wakili alihisi uso unamchoma. Alitafuta hoja nyingine, hakuipata, na badala ya kunyamaza akaokota kilichokuwa karibu.

Siku tatu nyuma, mama alimtuma kwa baba yake Njiti kupeleka chuma cha pedali ya cherehani kilichokatika, pamoja na karatasi yenye vipimo. Fundi baiskeli alifuta mikono, akaanza kuisoma karatasi taratibu huku kidole kikifuata neno baada ya neno. Alipokwama, alimwomba Wakili amsaidie. Alimweleza kuwa aliacha shule mapema akaenda kutafuta kazi, na sasa mwanawe anamfundisha kusoma kila jioni baada ya kufunga banda. "Hili libaki letu wawili, mwanangu," alimwambia. Wakili aliahidi.

Sasa vidole vyake viliandika haraka kuliko akili yake: "Njiti, sayansi utaijulia wapi wewe? Baba yako mwenyewe anasoma kwa kidole kama mtoto wa chekechea."

Akatuma. Vikatuni vya kucheka vikaja saba. Njiti hakujibu. Wakili alikuwa ameshinda, lakini alijisikia kama mtu aliyemeza pini. Aliufuta ujumbe ule kwenye simu ya mama ili mama asiuone. Kwenye simu za wengine ulibaki palepale.

Kesho yake Njiti alimkabidhi chupa waliyokuwa wakiitengeneza pamoja, akahamia dawati la nyuma. Hakumtukana wala kumfokea. Wakili alitamani atukanwe walau neno moja ili walingane. Siku nzima hakunyoosha mkono darasani, hata mwalimu akamuuliza kama anaumwa.

Alasiri, akiwa chini ya cherehani akiokota pini, alisikia hodi. Ni fundi baiskeli, ameleta chuma cha pedali. Mama akamkaribisha kwa furaha, maana kazi zilikuwa zimemlundikia. Fundi alikifunga chuma, akajaribu pedali mara mbili, cherehani ikazunguka vizuri. Alipoambiwa aketi apumzike, alikataa kwa upole.

"Dada, kabla sijaondoka, naomba nikuulize," alisema. "Nimekukosea nini?"

Mama akaondoa mguu kwenye pedali. "Wewe, fundi? Hujanikosea kitu."

"Basi sikuuelewa ujumbe wako wa jana."

Alieleza bila hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Wakili zaidi. Alisema mwanawe alikuwa akifunga banda, simu ikalia juu ya meza. Yeye akaona ujumbe umetoka kwa fundi cherehani, akadhani anaulizia chuma chake. Akaamua kuusoma mwenyewe bila kumsubiri mwalimu wake mdogo, ili amshangaze. Aliufuata neno kwa neno, kwa kidole kilekile.

"Nilipofika mwisho nikaondoa kidole," alisema. "Sikumwambia mwanangu kitu. Nimemwambia tu kwamba masomo yatosha, umri umeshakwenda. Ila nilidhani ile siri ni yangu na huyu mtoto wako."

Mama alifungua simu, akapekua, hakuuona ujumbe huo. Akaapa kuwa hakuandika neno lolote. Fundi akatikisa kichwa kama mtu asiyeamini lakini hataki ugomvi, akainama kukusanya vifaa vyake.

Wakili alikuwa na utetezi wa kutosha. Angeweza kusema Njiti ndiye aliyeanza. Angeweza kusema ulikuwa utani, au kunyamaza kabisa na kumwacha mama abebe lawama. Lakini aliuona mkono wa fundi umeegemea meza ya cherehani, na kidole kile chenye mafuta meusi kwenye ukucha. Aliona aibu hata kukitazama. Akatoka chini ya meza, pini zimejaa kiganjani.

"Niliandika mimi," alisema. "Mama hajui. Niliufuta."

Fundi aliinuka na vifaa vyake mkononi. "Uliniahidi," alisema, basi. Akaaga, akaenda zake. Wakili akalia, na mama hakumbembeleza.

Aliponyamaza, mama alimuuliza walibishana kuhusu nini. Wakili akaeleza habari za changarawe na mkaa.

"Na kidole cha baba wa mwenzio kinaingiaje kwenye chujio?"

"Hakiingii, mama."

"Basi ulikuwa umeishiwa," alisema mama. "Mbishie mtu alichosema mpaka jua lizame, sikukatazi. Ukianza kumshambulia yeye mwenyewe, au watu wake, ujue huna hoja tena, hata kama kikundi kizima kinacheka. Na uliyemuumiza mbele ya watu humwombi radhi chini ya meza yangu. Shika simu."

Wakili aliandika. Mara ya kwanza alianza na "Njiti alinichokoza." Mama akasoma, akamrudishia: "Hapo bado unajitetea." Alifuta, akaandika tena, mara nne nzima, mpaka ujumbe ukawa hivi:

"Mimi ni Wakili, si mama yangu. Jana niliishiwa hoja nikamtukana Njiti na baba yake. Nilitoa siri niliyoaminiwa. Anayejifunza hastahili kuchekwa, na mimi ndiye niliyefanya kitu cha aibu. Naomba mnisamehe. Kuhusu chujio, bado naona changarawe iwe juu, na Njiti anaona mkaa. Tutengeneze mawili tuone."

Hakuna aliyejibu jioni ile. Wakili aliuliza itakuwaje wasipomsamehe. Mama akamwambia kwamba kuomba radhi ni kazi yake, lakini kusamehe ni kazi yao, na haiendi kwa kuharakishwa. Kesho yake Njiti alikuja dawatini na chupa ya pili. Alisema tu kwamba baba yake hajashika daftari bado.

Jioni ya pili, simu ikalia. Ujumbe ulitoka kwa fundi baiskeli, na Wakili akadhani ni Njiti. Ulikuwa wa herufi kubwa tupu:

"NIMESOMA MWENYEWE. YAMEKWISHA MWANANGU. LAKINI MKAA UWE JUU."

Wakili alisoma mara tatu, machozi yakamtoka huku anacheka. Mama alichungulia begani kwake. "Umeona?" alisema. "Hakubaliani na wewe, na bado amekuita mwanangu. Hivyo ndivyo watu wanavyobishana."

Kidole cha Wakili kilikuwa kimeshaanza kuandika sababu zake tano za changarawe. Akasita, akazifuta zote. Akaandika, "Kwa nini, fundi?"

Kioo cha simu kikaonyesha kuwa fundi baiskeli anaandika. Aliandika kwa muda mrefu sana, herufi moja baada ya nyingine, na Wakili aliketi pembeni ya cherehani akamsubiri mpaka amalize.