Kona Isiyo na Mlio

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa michembe. Donatus na binti yake Nelly walikuwa mezani, nyumbani kwao Rwamgasa, wakila viazi vikavu vilivyopikwa kwa karanga, na nje karasha ya jirani ikisaga mawe ya dhahabu, kama ilivyosaga mchana kutwa na usiku kucha tangu wahamie hapo. Nelly akauliza nje ya ulimwengu kuna nini. Kwenye mazishi padri alikuwa amesema mama yake, Euphrasia, amevuka huko.

Donatus alifundisha fizikia sekondari. Hakupenda kumdanganya mtoto.

"Hakuna nje," alisema. "Wala si giza, maana giza nalo ni kitu. Hakuna ukimya, hakuna upana. Hata pa kuliweka hilo neno 'hakuna' hapapo."

"Sasa mama yuko wapi?"

"Kula, mwanangu. Vinapoa."

Kesho yake alikuwa akitandika kitanda. Alipoinama upande aliokuwa akilala mkewe, mlio wa karasha ukakatika. Akainuka, ukarudi. Kati ya kitanda na ukuta palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kuketi, na humo hamkusikika kitu. Harufu ya vumbi na dizeli, iliyokuwa imeingia hadi kwenye mito, humo haikuwamo. Akapenyeza mkono, haukuona baridi wala joto. Akautoa, akautazama, akamalizia kutandika.

Hakumwambia mtu, kwa kuwa hakushtuka. Na huko kutoshtuka nako hakukumshtua.

Nelly ndiye aliyepazoea. Akirudi shule anaketi pale, magoti kifuani. Akaacha kulia usiku, majirani wakamsifu kwamba amekua. Hadi siku Mama Herman wa nyumba ya pili alipomwambia, "We mtoto, macho yako ni ya mama yako kabisa."

"Mama yupi?" Nelly aliuliza.

Mama Herman akacheka, akamtazama vizuri usoni, akaacha kucheka. Jioni hiyo hiyo alikuwa mlangoni kwa Donatus, sauti chini.

"Baba Nelly, fizikia yako ifungie kabatini kidogo. Humu ndani mna kitu. Kuna mama mmoja mganga huko Samuye, anaitwa Mbuke. Namleta, utake usitake."

"Mlete tu."

Mbuke alifika na ubani na kuku mwekundu ndani ya kikapu. Moshi wa ubani ulitambaa hadi ukingo wa ile nafasi, ukaishia hapo kama uliokatwa kwa kisu. Nelly alikuwa ameketi ndani, ametulia. Mbuke akaliuliza jini jina lake, kabila lake, linachodai: marashi, kitambaa, damu? Akauliza kwa Kiswahili, akauliza kwa Kisukuma. Hakujibiwa. Akajaribu kulihamishia kwa kuku. Kuku akadonoa sakafu, akanya.

"Huyo hana habari," alinong'ona Mama Herman.

Mbuke akamvuta Donatus pembeni.

"Shikamoo, mama," Donatus alisema, akikumbuka kwamba hakuwa amemwamkia.

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Sikiliza. Jini hudai, ukilipa madai yake, linaondoka. Hili halitaki kitu. Na kwa kuku haliingii, kuku amejaa. Ana njaa, ana woga, ana mayai. Hili litahamia penye utupu zaidi kuliko hapo."

"Kama wapi?"

"Tangu mmzike mama wa mtoto, umelia?"

"Bado."

Mbuke akamtazama kifuani.

Donatus akapiga magoti kando ya kitanda. "Nelly, toka."

Nelly aliona midomo yake ikicheza, akatoa kichwa nje ya ukingo. "Ni kama ulivyosema, baba. Huyo mama mnayemsema hayupo huku. Ila na mimi sipo, kwa hiyo hapaumi."

Nelly akajirudisha ndani. Donatus akaingiza mkono hadi begani, akamtafuta mtoto bila kuhisi mtoto, akazidi kuinama hadi kichwa kikaingia, na karasha ikatoweka, na dizeli ikatoweka, na sauti ya Mbuke aliyekuwa akimwita ikatoweka, na pumzi yake mwenyewe haikusikika ikiingia wala ikitoka, na mbele yake hapakuwa na ukuta wala giza wala umbali, na akatambua kwamba alipafahamu, kwamba hapa ndipo alipokuwa amekaa tangu jeneza lilipogusa chini, akamsukuma mtoto nje kwa nguvu zote, na yeye akaketi.

Karasha ikajaa chumba chote. Nelly alikuwa sakafuni akimlilia mama yake, akimwita.

"Limetoka?" Mama Herman aliuliza.

Mbuke alikuwa akimtazama Donatus. "Hapo kitandani limetoka."

Nelly akamkimbilia baba yake, akamkumbatia, akaweka sikio kifuani pake. Kilio chake kikakatika. Alikaa hivyo kidogo, uso mkavu, kisha Mbuke akamshika mkono akamtoa.

"Baba," Nelly alisema taratibu, "humo hamsikiki kitu."

Asubuhi Donatus alimpeleka stendi, akimtanguliza hatua kadhaa mbele ili asimguse, akamkabidhi kwa Mbuke wasafiri pamoja hadi kwa bibi yake mzaa mama. Nelly alitoa mikono yote miwili dirishani mwa basi, akilia, akitaka kukumbatiwa. Donatus akavuka upande wa pili wa barabara, akafunga mikono nyuma, akasimama huko hadi basi lilipoondoka na mtoto angali analia.