Tundu la Fisi Nyumbani kwa Yusri

Rawda alikuwa na haraka: makaroni yameiva, mtoto analia, mume kakaa kwenye zulia anagonga kijiko. Akabeba sufuria hadi uani, akamwaga maji ya moto kwenye mfereji bila hata bismillahi. Chini ya mfereji kitu kikalia, sauti nyembamba kama ya mtoto wa paka aliyekanyagwa, kisha ikapanda harufu ya nyama iliyobabuka. Akachungulia, hakuna paka. Mwewe wanaoshinda ukutani wakisubiri mabaki wakaruka wote kwa pamoja, wakaenda zao.

Sasa, mtu wa mji wetu wa Harar asiyejua kwamba maji ya moto hayamwagwi hivihivi kazaliwa wapi? Alijua. Alisahau tu, nami simlaumu. Mwenye mtoto wa miaka mitatu husahau hata jina lake.

Makaroni yakakosa chumvi. Akaongeza, akaongeza tena, yakabaki chapwa vilevile.

"Mke wangu, leo tunakula kamba za viatu?" Yusri akamtania.

Rawda hakucheka. Ikram, binti yao, alikuwa ameacha kulia ghafla. Alisimama mlangoni akimkodolea mama yake macho, na shingoni mwake malengelenge yalikuwa yanaumuka moja baada ya jingine, ilhali hakuna tone lililomgusa.

"Umemuunguza mwanangu," alisema Ikram, kwa sauti ya mwanamke mzima. "Nami nimechukua wako."

Ay Neima, mama yake Yusri, alitoka chumbani na tasbihi mkononi, na mtoto akamrukia. Alimng'ata, akatikisa kichwa kama mbwa, na kidole cha shahada cha bibi yake kikabaki mdomoni. Akakitafuna taratibu.

"Zibua tundu!" kikongwe akapiga kelele, damu ikimchuruzika. "Yusri, zibua tundu la fisi!"

Tundu hilo lilikuwa chini ya ukuta wa ua. Tangu enzi za babu yake Yusri fisi walipita humo, wakila mifupa na, kama kila mtu kwetu ajuavyo, wakiwala majini pia. Lakini mwezi uliopita fisi mmoja alimla kondoo wao wa kuchinja sikukuu ya Idi, na Yusri kwa hasira akalijaza saruji. Mama yake alimwambia, "Haya, umefukuza askari, subiri wezi." Yeye akacheka.

Sasa hakuwa anacheka. "Mama, atamla Ikram!" akanong'ona.

"Fisi wetu hali watoto."

"Na kondoo wangu alimla nani?"

"Kondoo ni kondoo, mjinga wewe!"

Lengelenge la kwanza likapasuka. "Nikimaliza ngozi," ile sauti ikasema, "nitaingia kwenye mifupa."

Rawda akachukua nyundo. Yusri alimkamata nywele, akamburuta kutoka ukutani, naye Rawda akageuka akampiga nyundo ya goti kwa nguvu zake zote. Likavunjika. Hakumwomba radhi, wala hakumtazama mara mbili. Alirudi kwenye saruji akipiga na kulia, kupiga na kulia, hadi tundu likafunguka.

Ay Neima, mkono kaufunga kitambaa, alikoroga uji wa mtama, akaumiminia siagi, akauweka mbele ya tundu. Adhana ya magharibi ilipokwisha akaita kwa upole, kama mtu anayeita jirani aliyenuna: "Njoo, baba. Njoo, tumekukosea."

Kwanza wakasikia kucha kwenye mawe, kisha pumzi, kisha kichwa kikapenya, na mabega, na fisi mzima akasimama uani akinuka mzoga, akaupita uji bila kuunusa, akaja moja kwa moja kwa mtoto ambaye sasa alikuwa anapiga mayowe kwa sauti mbili, moja ya kike na moja yake, huku Rawda, mama mzazi, akimshika mikono yote miwili asikimbie, akimwambia samahani mwanangu, samahani mama, na meno yale yakashuka mgongoni yakauma na kuvuta, yakauma na kuvuta, mpaka kitu kisichoonekana kikachomoka na damu ikaruka hadi ukutani.

"Mama, inauma," akasema Ikram kwa sauti yake mwenyewe.

Rawda akamkumbatia. Furaha ilimjaa hata akasahau alipo. Ndipo nyuma yake mtu akacheka, cheko la mwanamke.

Alikuwa Yusri, pale chini na goti lake. Kile kitu kilikuwa kimemponyoka fisi.

"Huyu naye utamshika mikono?" sauti ikauliza kinywani mwake. Kisha ikaja yake mwenyewe, imejaa hofu: "Rawda! Mama! Msiniache!"

Fisi akageuka.

Rawda akambeba mtoto, akarudi nyuma hadi ndani. Mama mkwe alikuwa ameshafika mlangoni.

"Mama," Rawda akanong'ona, "ulisema fisi wetu hali watoto. Na mtu mzima?"

Ay Neima akasukuma mlango, akatia komeo kwa ule mkono uliopungua kidole, akaegemeza paji la uso kwenye mbao.

Huko nje zililia sauti mbili. Ya yule mwanamke ilikatika kwanza. Ya Yusri ikaendelea, na mifupa nayo ikaendelea kuvunjika.