Jiwe Lililowekwa Tanurini

Tegeni masikio, enyi kusanyiko, na asiwepo wa kusinzia, maana haya yalimpata rafiki yangu Argiro, mjane wa kijiji chetu kilicho chini ya magofu ya mji wa Wagiriki wa kale. Sakafu ya tanuri lake ilipasuka siku moja kabla ya ibada ya arobaini ya mumewe. Na pasipo mkate wa sadaka, marehemu angeombewaje madhabahuni? Akapanda magofuni, akang'oa jiwe bapa lililofunika kaburi, akalitandika tanurini.

"We mwanamke, utaoka sadaka juu ya kifua cha mtu?" jirani yake Vasilo alimkemea.

"Mwenye nyumba katoka miaka elfu mbili, shoga. Nimngoje arudi na ufunguo?"

Akakanda, akaupiga mkate muhuri wa msalaba, akaziba mlango wa tanuri. Ndipo kutoka mle tanurini, katika giza la moto, akasikia viganja vikikanda unga, taratibu, pa, pa, pa.

"Kanda utakavyo," akasema Argiro, "mume wangu ataombewa."

Alipoutoa, mkate ulikuwa umeiva vizuri. Lakini penye muhuri palikuwa na alama ya kiganja kidogo, kama cha mtoto, na ndani ya alama hiyo unga ulikuwa mbichi, wenye baridi ya kisima.

Ndugu zangu, Bwana huwahurumia wajane, wala hawasahau waliolala mavumbini. Wewe uliye na jiwe lao nyumbani kwako, usingoje Jumapili. Lirudishe leo.