Alama Kumi na Mbili

Mke wangu alikuwa haamki mara moja. Kwanza anakaa kitandani. Kisha anashusha mguu wa kulia, halafu wa kushoto. Kisha anasubiri magoti yakubali. Nami nilikuwa namtania, "Gari hilo, nilisukume?" Ananijibu, "Sukuma, si wewe uliyelizeesha?" Tunacheka. Ndivyo tulivyoianza siku, miaka yote ile ya mwisho.

Kazi yake ilikuwa kufua shuka katika hospitali kubwa. Aliifanya miaka ishirini na sita. Mashine za kufulia ziko chini kabisa, katika chumba kisicho na dirisha. Kamba za kuanikia ziko juu ya paa. Katikati kuna ngazi sabini na mbili. Lifti ya mizigo iliharibika mwaka binti yetu alipoanza shule. Binti yetu sasa ana watoto wawili. Wakubwa wa hospitali wanajua. Lakini wao wana viti vinavyozunguka, na aliyekaa kwenye kiti cha namna hiyo ngazi hazimhusu.

Shuka ikiloa ni nzito. Beseni moja lilikuwa na uzito wa kilo ishirini. Kila mfuaji alitakiwa kupandisha mabeseni kumi na mawili kwa siku. Juu ya paa kulikuwa na daftari. Ukifikisha beseni, jina lako linawekewa alama moja. Jioni msimamizi anahesabu alama.

Mke wangu alipofika miaka hamsini na mitano, mabeseni kumi na mawili yalimshinda. Wenzake walimpenda, maana ndiye aliyewafundisha kazi. Walimwita Mama Beseni. Basi wakapatana kimya kimya. Wadogo wakambebea, yeye akabaki kukunja shuka kavu. Mwenzao mmoja, waliyemwita Mrefu, ndiye aliyeshika kalamu kule juu. Mrefu alimwekea alama zake zote asubuhi mapema, asije akasahau. Alifanya kwa upendo. Mimi mwenyewe nilimshukuru. Tuliona tumewapiga chenga wakubwa.

Siku moja wafuaji wawili waliugua, hawakuja. Siku hiyo hapakuwa na wa kumbebea mtu. Mke wangu alimeza vidonge viwili vya maumivu, akapandisha beseni la kwanza. La pili hakulifikisha. Alianguka nalo kwenye ngazi, nyonga ikavunjika. Hata chai ya saa nne ilikuwa bado.

Alilazwa hospitali ileile, juu ya shuka alizozifua mwenyewe. Wiki ya tano mapafu yakajaa maji. Akaniacha.

Nilikwenda ofisini kuuliza. Msimamizi alinipa kiti, akanipa na pole. Kisha akanionyesha jalada la daftari bila kulifungua. Akasema marehemu alikuwa mzima, akibeba sawa na msichana wa miaka ishirini. Hakuwahi kulalamika. Hakuna barua yake hata moja. Kwa hiyo ajali ilitokana na yeye kukosa uangalifu. Mimi ni fundi wa kujenga kuta, na shule niliishia darasa la nne. Nilivaa kofia yangu nikatoka.

Mwaka haujaisha, nikaona jambo. Mdogo wake marehemu, yaani shemeji yangu, anafua palepale. Ana miaka hamsini na mitatu. Jioni moja alipita kuniletea shati alilonishonea vifungo. Alipotaka kuondoka, alishika meza kwa mikono miwili. Akainuka nusu. Akasubiri magoti yakubali.

Nilimuuliza nani anambebea. Akatazama pembeni, akasema wenzake ni watu wema.

"Na alama?"

"Mrefu ananiwekea. Niache, shemeji. Wakinitoa kazini nitakula nini, matofali yako?"

Nilikwenda kumwita jirani yangu wa mlango wa pili. Mtaani tunamwita Bwana Viungo, kwa sababu kazi yake ni kuwafundisha wagonjwa kutembea tena. Alimwomba shemeji akunje mguu na kuunyoosha. Akasikiliza goti kama fundi anayesikiliza injini. Akamuuliza kama amewahi kumwona daktari, na alimwambia nini.

"Nilimwambia magoti yanauma. Akanipa vidonge."

"Ulimwambia unabeba nini?"

"Hakuniuliza."

Bwana Viungo alieleza taratibu, na maneno yake nayaandika hapa kama alivyosema. Kidonge kinanyamazisha maumivu, hakiponyi goti. Ukikimeza ili uweze kubeba, unazidi kuliumiza. Mwili wa miaka hamsini na kitu si mwili wa kutupwa. Unahitaji muda zaidi wa kupumzika, na ukiumia unachelewa kupona. Mtu wa umri huo haachi kazi, anabadilishiwa kazi. Na ukienda kwa daktari, mweleze kazi yako yote: kilo ngapi, ngazi ngapi, mara ngapi kwa siku. Ukiumia, toa taarifa siku hiyohiyo, kwa maandishi, yenye tarehe. Nakala ubaki nayo.

Halafu akasema neno lililoniingia mfupani. "Wenzako wanakupenda, dada. Lakini kwenye karatasi wanakugeuza msichana. Ofisi haioni goti lako. Inaona alama tu."

Shemeji alikasirika. Alisema sisi wanaume wawili tunataka afukuzwe. Alichukua mkoba wake akaenda zake, na kwa siku nne sikumwona.

Siku ya tano alikuja na barua. Alikuwa amerudi kwa daktari, akamwambia: kilo ishirini, ngazi sabini na mbili, mara kumi na mbili. Daktari aliweka kalamu chini, akamwomba arudie. Kisha akaandika kwamba mama huyu asipandishe mzigo tena, apewe kazi ya mezani.

Kilichobaki kilikuwa kigumu zaidi. Aliwaomba wenzake waache kumbebea, na Mrefu aache kumwekea alama za bure. Mrefu alichukia. Alimuuliza, "Unataka nikufukuzishe kazi kwa kalamu yangu?"

Shemeji alimjibu, "Dada yangu ulimwekea zote. Yuko wapi?"

Siku mbili mfululizo shemeji alikuwa na alama tatu tatu. Siku ya tatu akaitwa ofisini. Kama Bwana Viungo alivyomshauri, hakwenda peke yake. Alikwenda na wafuaji sita waliozidi miaka hamsini. Mrefu alifuata nyuma. Mimi nilisimama mlangoni na vumbi langu la saruji. Hakuna aliyenikaribisha kiti.

Msimamizi aliisoma barua ya daktari, akaiweka kando. Alisema mwezi uliopita mama huyu alipandisha kumi na mawili kila siku, na magoti hayazeeki kwa wiki moja.

"Daftari halidanganyi, mama."

"Basi lifungue," alisema shemeji. "Siku aliyoanguka dada yangu."

Alilifungua.

"Alianguka saa ngapi?"

Msimamizi alijua, maana ripoti aliiandika yeye. Saa tatu na nusu asubuhi. Beseni la pili.

"Hesabu alama zake."

Alihesabu kwa kidole. Niliona kidole kikifika mwisho wa mstari, kikasimama. Zilikuwa kumi na mbili.

Kisha Mrefu akasema, sauti yake ikiwa chini, "Ni mimi. Niliziweka kabla hajapandisha hata moja. Nimewawekea wote hawa. Nifukuzeni. Lakini kwanza mmoja wenu apandishe beseni moja, nimwone."

Hakupanda mtu. Lakini barua ya daktari iliondoka kando ikarudi katikati ya meza. Wale sita nao waliandika barua zao, zikapigwa muhuri wa kupokelewa, na kila mmoja akabaki na nakala.

Yalipita majuma matano na vikao vitatu. Mrefu alipewa barua ya onyo na kunyang'anywa kalamu. Wafuaji wenye umri mkubwa walihamishiwa mezani, kukunja, kushona shuka zilizochanika na kufundisha wapya. Nje ya ukuta likafungwa kapi, gurudumu dogo lenye kamba, la kuvutia mabeseni hadi juu. Sasa hata wasichana hawapandi ngazi na mzigo.

Kapi hilo nililifunga mimi. Ni kapi lilelile tunalovutia zege kwenye ujenzi. Kazi ilinichukua nusu siku. Nusu siku tu, na wakubwa walikaa miaka yote ile bila kuifikiria. Na mimi niliyekuwa nalo stoo sikuwahi kupanda ngazi zile nikaona mke wangu anafanya nini.

Shemeji hajapona kabisa. Anafanya mazoezi aliyofundishwa na Bwana Viungo, na siku nyingine anainuka kwenye kiti mara moja.

Aliomba jambo moja zaidi: ukurasa wa dada yake usahihishwe. Msimamizi alikata alama kumi na moja kwa wino mwekundu, akatia sahihi. Nilikwenda kuuona.

Imebaki moja. Hiyo aliipandisha mwenyewe.