Mama Mkwe wa Chumba cha Nyuma

Kila asubuhi Ramla alifukiza ubani mpaka kuku wa jirani wakapiga chafya.

"Leo tena maulidi?" aliuliza jirani yake, Bi Kunjami, kutoka ng'ambo ya ua.

"Ndiyo, bibi," Ramla alijibu. Maulidi hayo hayakuwa na kaswida wala biriani.

Katika chumba cha nyuma alilala mama mkwe wake, Kadisumma, mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Madaktari walisema haitapona. Alitokwa na uchafu wenye harufu kali, na Ramla aliona haya. Vitambaa vya mgonjwa alivianika chini ya shuka, wanaume wasivione. Majirani aliwaambia mama amesafiri, yuko kwa kaka yake, mjini Nilambur.

Kadisumma alitamani jambo moja tu kabla ya kufa: kukaa tena barazani na wanawake wenzake.

Nesi Lila, anayehudumia wagonjwa majumbani, alipopiga simu kwamba anakuja, Ramla alinong'ona, "Dada, gari liache kwa muuza samaki, majirani wasilione."

Nesi alikuja kwa miguu, magamba ya samaki yamegandia kandambili zake.

"Maumivu je, mama?"

"Nikizidiwa ndiyo nameza dawa, mwanangu."

"Usingoje uzidiwe. Meza kwa saa zake, hata ukijisikia nafuu."

Akamgeukia Ramla. "Harufu inatokana na vijidudu vya kidondani. Daktari ameagiza dawa ya unga ya kunyunyiza hapo, nitakuonyesha. Badilisha vitambaa mara kwa mara, uvianike juani. Vikibaki na unyevu, vijidudu vinazaliana."

"Juani? Mbele ya baba mkwe?"

"Havitamng'ata."

"Watu watasema mama anaumwa... huko."

"Huko ndiko alikopita mumeo," alisema Kadisumma. "Hakuona haya hata kidogo."

Ramla akainamisha uso.

"Ugonjwa huu hauambukizi kwa kukaa naye," alisema nesi. "Kupona hatapona. Lakini tunaweza kumtuliza maumivu, na asifungiwe."

Baada ya siku chache harufu ilipungua. Ijumaa Ramla alimkalisha mama barazani, wanawake wakaja kusukuma mikate ya unga wa mchele, myembamba kama chapati.

"Si alisafiri?" aliuliza Bi Kunjami.

Masikio ya Ramla yaliwaka moto. "Nilidanganya, bibi. Ana saratani ya mlango wa kizazi. Nilimwonea haya."

Kisha Bi Kunjami akavuta mkeka wake karibu na mgonjwa, akampa donge la unga.

Kadisumma aliinua mkate mmoja wenye pembe pembe. "Huu wa nani?"

"Wangu, mama," alisema Ramla.

"Basi huu ndio wa kuficha."