Mkwe Aliyesaga Jikoni Kwangu

— Mama, usimwulize kitu. Hawezi kujibu.

Aliyesema hivyo ni Ziada, jirani wa binti yangu kule Bendera. Alikuwa ameshuka kwenye lori la kijiji, mkono mmoja amemshika Eliakunda wangu, mwingine amebeba kikapu kizito. Mwanangu alikuwa amefungwa khanga kutoka chini ya kidevu hadi utosini, kama maiti anavyofungwa taya. Jicho la kushoto halikuonekana kwa uvimbe. Khanga yenyewe ilikuwa ya njano, lakini mbele ilishakuwa nyeusi kwa damu iliyokauka.

— Nani amemfanya hivi?

— Linus anasema aliteleza kisimani, akaangukia mawe. Mimi nilisikia kishindo na kilio kimoja tu. Nilipokimbilia nikamkuta mlangoni kwao, anatema meno. Na kisima, mama, kiko mbali na mlango ule.

Ndani ya kikapu kulikuwa na mashine ya mkono ya kusagia nyama. Ziada akasema ameibeba kwa sababu mgonjwa wa taya hali kitu ila kilichosagwa. Nikaitazama. Mashine ile naijua. Ndiyo iliyomwoza mwanangu.

Nawaandikia ninyi kina mama wenzangu wenye mabinti, mnisikie vizuri.

Linus hakuwa mtu wa huku kwetu Gonja. Wazazi wake walitoka mbali kuja kukata mkonge, yeye akazaliwa kambini, akakua akawa fundi wa matrekta. Mashamba yalipotaifishwa, meneja wao Mgiriki akafungasha akaondoka, vyombo vya jikoni kwake wakagawana wafanyakazi. Linus akapata ile mashine. Mwaka wa sabini na mbili akapanda mlima kuja kuposa. Alileta mbuzi na dengelua, pombe yetu ya miwa, kama desturi inavyotaka, na juu ya hivyo akaleta mashine. Akaibana kwa skrubu kwenye ukingo wa meza yangu, akakunja mikono ya shati, akaomba nyama.

— Wewe mwanaume, utasaga wewe? nikamwuliza.

— Mama, mke wangu hatachoka mkono mimi nikiwepo.

Wanawake waliojazana mlangoni walicheka hadi wakashikana. Mmoja akamwuliza kama kwao na kunyonyesha wananyonyesha wanaume. Yeye akacheka nao, akaendelea kuzungusha hendeli. Alisaga nyama, akasaga vitunguu na tangawizi, akasaga hata maharage yaliyolala, tukakaanga kababu ambazo mpaka leo nazikumbuka utamu wake. Huku kwetu mwanaume haingii jikoni, sembuse kusaga. Eliakunda alimtazama asipepese. Na mimi nikasema moyoni: mwanaume anayesaga jikoni kwa mama mkwe hawezi kumpiga mtu.

Huo ndio ujinga wangu. Nilimpima kwa kile alichokifanya watu wakimtazama.

Mwaka wa kwanza walikaa vizuri. Kisha Bendera ikawa kijiji cha ujamaa, kina mama wakaanzisha jiko la watoto wadogo, wale ambao mama zao wako shamba la kijiji. Eliakunda akawa anawasagia maharage na karanga, maana vitoto vingine havina meno. Mashine ni chuma kizito, kwa hiyo katibu wa kijiji, Novatus, akawa anaifuata kwa baiskeli asubuhi na kuirudisha mchana. Siku moja Linus akarudi mapema kutoka kwenye trekta, akamkuta Novatus anaibana mezani.

Alimuaga Novatus kwa heshima, akamshukuru. Kisha akafunga mlango.

Siku ya tatu yake mwanangu alikuwa jikoni kwangu, amevua blauzi. Mgongo ulikuwa umechanika mistari mistari, mingine inatoa maji.

— Amenipiga kwa mkanda wa injini, mama. Anasema Novatus akishika hendeli ni kama amenishika mimi.

— Ana wivu huyo. Wivu ni kupenda.

— Mgongo wangu umeuona?

— Nimeuona. Utapona. Nani mwanaume mwingine hapa mlimani aliwahi kumsagia mkewe? Rudi, mwanangu. Ndoa ni kuvumilia.

Nikampa kuku wa kumpelekea mumewe. Nikamsindikiza mpaka barabarani. Alipanda lori bila kugeuka nyuma, na mimi nikaona ni vizuri, nikajua amekubali.

Ndipo miezi minne baadaye akarudi na ile khanga ya njano.

Hospitali walimfunga taya kwa waya, wakasema wiki sita hakuna kufungua mdomo. Nikaitoa mashine kikapuni nimsagie, nikakumbuka haina hendeli. Ziada alikuwa ameshaniambia kwamba aliitafuta chumba kizima asiione. Basi nikatwanga kwenye kinu. Nilitwanga makande, nilitwanga ndizi na viazi, nikachuja kwa kitambaa mara mbili, naye akanyonya kwa mrija wa bua la jani la papai. Kila alipomeza, machozi yalimtoka. Yalikuwa ni machozi ya maumivu, hakuwa analia.

Nilimpa kalamu na karatasi aandike kilichotokea. Akaandika neno moja: Usinirudishe. Nikamwuliza amefanywa nini. Akaigeuza karatasi kifudifudi, akalala.

Wiki ya tano ikaja barua. Mume wangu, Eliufoo, aliisoma kwa sauti:

“Wazazi wangu wapendwa, salamu nyingi. Mimi sili, silali, tangu mke wangu alipoteleza kisimani. Jumapili baada ya waya kufunguliwa nitapanda kuja kumchukua. Mama, iweke ile mashine mezani. Nitamsagia kwa mkono wangu kama zamani. Wenu mtiifu, Linus.”

— Unaona? Eliufoo akasema. Mtu mwovu haandiki hivi.

Waya ulifunguliwa Ijumaa. Daktari akaruhusu aanze kusema, lakini chakula kiendelee kusagwa kwanza. Mwanangu hakusema. Jumamosi nzima hakusema.

Jumapili baada ya ibada Linus akafika, anamburuta mbuzi kwa kamba, amevaa suti safi. Tulimwita Mzee Gideoni, balozi wetu wa nyumba kumi, awe shahidi. Linus akapiga magoti mbele yetu akalia, na yalikuwa machozi ya kweli. Akaeleza kisima, akaeleza mawe na utelezi. Mzee Gideoni akamwuliza Eliakunda kama ni hivyo, binti akatazama sakafu. Mzee akasema karatasi ya neno moja haivunji ndoa ya kanisani, na kama ni ajali, mke ni wa mumewe. Nawaambia ukweli, hata mimi nilianza kulegea. Nilimwona tena yule kijana wa kababu.

Makande yalikuwa tayari. Linus akaiona mashine mezani, akainuka akikunja mikono ya shati.

— Mama, nipe nimsagie mwenyewe.

— Hendeli haipo. Haijaonekana tangu alipokuja.

Eliakunda akainuka. Akaingia chumbani, nikasikia godoro linainuliwa. Akarudi na kitu kimeviringishwa kwenye ile khanga ya njano, akakifungua juu ya meza. Ilikuwa hendeli. Alitoka nayo kwake ameificha nguoni, na wiki sita alikuwa ameilalia. Mshikio wake wa mti ulikuwa umepasuka, kimebaki kipande kama jino bovu.

Linus akaichukua. Alipoiinua tu ili aichomeke, mwanangu akaanguka chini akajikunja, mikono yote miwili juu ya taya. Hakulia. Alijikunja upesi, kama mtu aliyefundishwa.

Mzee Gideoni akaweka chini kibuyu alichokuwa anakunywea.

— Linus. Kule kisimani kuna hendeli?

— Mzee, huo ni ugonjwa tu unamtia woga.

— Huo mshikio ulivunjikia wapi?

— Uligonga mlango.

— Na kabla ya mlango uligonga nini?

Linus alimgeukia Eliakunda pale chini, akasema kwa sauti ya upole, ile ile ya siku ya posa:

— Nilikuambia nitafanya nini ukinisema kwenu?

Akaupandisha mkono. Sikumbuki nilivyofika katikati yao. Chuma kiliniangukia mkononi, nikasikia mfupa unakatika kama bua kavu la muhindi. Pigo la pili lilimpata Eliufoo sikioni, damu ikarukia sahani ya makande. La tatu lilikuwa linamtafuta mwanangu, likapasua sakafu karibu na kichwa chake. Mzee Gideoni, na umri wake wote ule, alijitupa akamkumbatia miguu, wakaanguka wote na meza na mashine. Majirani waliotoka ibadani wakaingia. Walimpiga mpaka suti ikabadilika rangi, na kama si Mzee kupiga kelele wamwache, wangemmaliza. Wakamfunga kwa kamba ya mbuzi wake mwenyewe, wakamtia kwenye lori kumpeleka polisi Same. Alikuwa anamwita mkewe mpaka lori likapotea kwenye kona.

Nyumba ikatulia. Eliufoo ameshikilia kitambaa sikioni. Mkono wangu unaning'inia. Mzee Gideoni akaniangalia.

— Mama Eliakunda, nataka nisikie kwako wewe. Binti anarudi Bendera?

Mwanangu alikuwa ameinua kichwa. Ananitazama kama alivyonitazama ile siku ya mgongo.

— Harudi, nikasema. Nilimrudisha mara moja. Hiyo moja itanitosha mpaka kaburini.

Mwanangu aliinuka, akainua meza, akaiokota mashine akaibana pale pale ukingoni. Nikaona anataka kula. Nikapakua makande mapya kutoka chunguni kwa mkono mmoja, nikayatia kwenye mdomo wa mashine, nikaanza kuitafuta hendeli chini ya viti.

Akanishika bega. Sauti ilitoka imekwaruza, ya mtu ambaye hajaitumia wiki sita.

— Leo usinisagie, mama.

Akachota makande mengine kwenye sahani. Akatoa punje moja ya muhindi kwa vidole, akaiweka mdomoni upande wa kulia, ule wenye meno.

— Nitatafuna mwenyewe.